Kikohozi cha Baba Mkwe

Jumapili, 27 Aprili

Nusrat ameniamuru niandike kila siku, hata kama ni mstari mmoja. Anasema mkono wangu umezoea jembe na majani ya chai, umeisahau kalamu, na mtihani wa kujiunga na chuo cha uuguzi hautanisubiri mpaka nikumbuke. Juzi dukani kwao Bulyaga, Tukuyu mjini, alinipa insha ya Kiingereza nijaribu. Nusu ukurasa tu, vidole vikagoma. Alicheka mpaka mteja wa fotokopi akaondoka. Tulimaliza kidato cha nne pamoja, mimi na yeye. Yeye akabaki mjini na kompyuta ya baba yake, mimi nikaolewa kijijini Kinyala. Mwaka huu tumeapa kwenda wote. Mvua haijakatika tangu asubuhi.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Chai. Nimekariri mifupa ya mkono huku nachuma, ila nikifika kwenye kiganja napotea.

Jumamosi, 3 Mei

Tumetuma maombi. Chuo ni cha misheni, upande wa pili wa mlima. Kwanza unafanya mtihani wa kuandika, ukifaulu unaitwa kwenye usaili. Nusrat ndiye aliyekuwa anajaza kwenye kompyuta. Alipofika mahali pa mlezi akaniuliza jina la baba mkwe wangu, maana ndiye mkuu wa nyumba ninayoishi. Nikanyamaza. Akauliza tena. Nikamwambia ampigie Hellen, wifi yangu, amtajie yeye.

Nusrat akaacha kuandika. "Wewe Lusungu, hulijui jina la mkweo?"

"Nalijua. Silitaji."

Ikabidi nimweleze. Kwetu Mpuguso wengi wameshaacha, lakini kwa kina Ackson, mume wangu, bado wanatila. Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hataji jina lake, hakai alipokaa, wala hamgusi. Ni heshima. Baba naye ananisaidia kuitunza: akitaka kupita anakohoa mara mbili kutoka mbali, nami najifunika kichwa, naingia kwenye migomba mpaka apite, jua liwake au mvua inyeshe. Nina mwaka wa tatu pale na uso wake siujui. Namjua kwa buti, kwa fimbo na kwa kikohozi.

"Na akitaka kukuambia kitu?"

"Anamwambia ng'ombe."

Nusrat alishika meza kwa kicheko. Mimi sikucheka, ndivyo tunavyoishi. Ng'ombe wetu anaitwa Zawadi na ameambiwa mengi. "Zawadi, chumvi ya jana ilizidi." "Zawadi, kesho tuna wageni kutoka Kiwira." Nami nikiwa na jibu namwambia Zawadi huyo huyo, na Baba anasikia akiwa nyuma ya zizi.

Ijumaa, 9 Mei

Ackson amepiga simu kutoka Chunya anakochimba dhahabu. Nimemwambia maombi yamekwenda. Akasema, "Mimi sina neno, mke wangu. Ada tutajua. Ila Baba amesema nini?"

Baba hajaambiwa. Nilitaka mume wangu amwambie, mume wangu anataka nimwambie mimi, mimi siruhusiwi hata kumtazama. Amebaki Mama. Mama mkwe si mtu mbaya, ila ana ulimi. "Wenzako wanabeba watoto, wewe unabeba vitabu," akasema huku anapepeta maharage. Baadaye akasema atamwambia.

Jumapili, 11 Mei

Ameambiwa. Jioni nilikuwa namkatia Zawadi mgomba, nikasikia kikohozi, nikajibanza nyuma ya banda la kuni. Baba akasimama zizini. Aliongea Kinyakyusa, naandika kwa Kiswahili lakini sijaongeza kitu:

"Zawadi, sikia maajabu. Kuna mtu ananikimbia mimi, baba wa mume wake. Nikikohoa tu anaingia kwenye migomba. Halafu mtu huyo huyo anataka kwenda kuwaosha wanaume wa watu huko mjini. Atawaosha akiwa amefumba macho? Au heshima ni ya kwangu tu, na huko anaivua mlangoni? Nijibu, Zawadi."

Akangoja. Alikuwa ananingoja mimi, na mimi sikuwa na la kumwambia ng'ombe. Akaondoka na fimbo yake. Hakusema nisiende, hakusema niende. Nimekasirika, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba swali ni zuri.

Jumatatu, 12 Mei

Nimechuma mpaka jioni nikilirudia swali la Baba.

Jumanne, 20 Mei

Mvua zinapungua, chai imechipua, tunachuma mpaka mgongo unakataa kunyooka. Nasoma asubuhi kabla ya umande kukauka. Hellen ananiuliza maswali ya baiolojia huku anasuka nywele. Yuko kidato cha pili na anajiona mwalimu mkuu. Nikikosea anapiga mluzi.

Jumapili, 25 Mei

Ackson: "Baba amesema nini?" Nimekata simu, kisha nikampigia tena kuomba radhi. Sitaki kuwa mtu wa kukata simu.

Jumanne, 10 Juni

Baridi imeingia rasmi. Ukungu unashuka kutoka mlimani saa tisa alasiri na unakaa hapo hapo. Nimesoma mzunguko wa damu nikiwa nimejifunika blanketi jikoni, Mama ananiambia nisogee nimpishe kwenye moto. Kila ninapokaa nakaa vibaya. Nikiwa shambani nataka kuwa kwenye kitabu, nikifungua kitabu naona magugu ya shambani. Nusrat anasema hata yeye halali vizuri. Lakini yeye baba yake amemnunulia hadi sanduku.

Jumamosi, 21 Juni

Baba amepita leo mara nne. Nimeingia kwenye migomba mara nne. Nilikuwa nakariri sehemu za moyo, na kila nikitoka kwenye majani nimesahau nilipofikia. Nilitamani kumwambia Zawadi amwambie atembee siku moja tu bila kwenda popote.

Jumamosi, 12 Julai

Mtihani. Tulikuwa wengi, ukumbi ulinuka mafuta ya kupaka na sweta zilizolowa ukungu. Baiolojia nimeifurahia. Kemia imeniumiza kidogo. Insha ilikuwa: "Kwa nini unataka kuwa muuguzi?" Niliandika kuhusu bibi yangu wa Mpuguso, aliyekaa wodini wiki nzima, na muuguzi mmoja aliyekuwa akimwita jina lake kila asubuhi kabla ya kumgusa. Bibi alikufa, lakini mpaka mwisho alikuwa anamsubiri yule muuguzi. Niliandika kurasa mbili na vidole havikugoma. Nusrat nimemkubali.

Jumamosi, 19 Julai

Tumefaulu wote wawili! Usaili ni Jumamosi ijayo. Nimemwambia Zawadi kwa sauti kubwa, mara mbili. Upande wa pili wa zizi kulikuwa kimya, lakini harufu ya tumbaku ya Baba ilikuwepo.

Jumanne, 22 Julai

Baba amejikata mguu kwa panga akikata mgomba wa ng'ombe. Mama amesema ni mkwaruzo. Ameweka majani na kitambaa, na Baba amekataa zahanati. Anasema ameshajikata kabla zahanati haijajengwa. Sijauona mguu wenyewe.

Jumamosi, 26 Julai

Naandika ili nisilie tena.

Usaili ulikuwa chumba kimoja chenye kitanda, meza na watahini wawili. Mmoja ni mama mkufunzi mwenye miwani. Mwingine ni mzee, muuguzi mstaafu, amevaa sweta la kijivu. Maswali ya mwanzo nilijibu vizuri, nikaona mama yule anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akasema, "Sasa tuone vitendo. Mzee huyu ni mgonjwa wako. Amelazwa jana. Mpokee, zungumza naye." Mzee akavua viatu, akapanda kitandani, akajifunika blanketi. Nikavuta kiti, nikajiandaa na salamu.

Mzee akakohoa mara mbili.

Sikufikiri. Naapa sikufikiri kitu chochote. Mwili wangu ulisimama wenyewe, mkono ukavuta kitenge kichwani, miguu ikatoka nje, na nilipopata akili nilikuwa nimesimama nyuma ya ukuta wa veranda, uso nimeuelekeza kwenye maua. Wasichana waliokuwa wanasubiri zamu zao wananitazama. Nusrat naye alikuwepo. Ameziba mdomo kwa mkono.

Kutoka ndani nikamsikia mama mkufunzi: "Binti! Mgonjwa yuko huku!"

Kicheko cha veranda nzima. Nikarudi ndani kwa sababu pa kwenda sikuwa napo. Nilikaa kwenye kiti lakini maneno yalikuwa yamekwisha. Nilimuuliza mgonjwa anaumwa nini huku natazama dirisha. Yule mama akaandika kitu, akaandika tena.

Mzee akaketi kitandani. "Umeolewa wapi?"

"Kinyala."

"Ahaa." Hakucheka, hilo namshukuru. "Mke wangu naye alimkimbia baba yangu mpaka mzee anaingia kaburini. Nakuelewa sana, binti yangu. Lakini nikuulize. Mimi ni mgonjwa wako, na hicho kikohozi kimekuja na damu. Wewe uko nje kwenye maua. Damu hiyo nani anaiona?"

Wakasema majina ya akiba yataitwa Agosti kama nafasi itabaki. Najua maana ya akiba, ni njia ya kumwambia mtu aende salama. Nusrat alikaa kitandani kwa mgonjwa akamshika mpaka mapigo ya moyo, akatoka anang'aa. Njia nzima alijitahidi asiing'arishe furaha yake mbele yangu, na hilo liliniuma kuliko vicheko.

Baba alikuwa amesema kweli.

Jumapili, 27 Julai

Nimemsimulia Hellen nikimwomba asimwambie mtu. Ackson amepiga. Nimemwambia niko kwenye akiba.

Jumatano, 30 Julai

Asubuhi Baba alikohoa, nikaingia kwenye migomba, akapita. Amepita polepole sana, na nyuma yake ikabaki harufu. Naijua hiyo harufu. Nilimfuata Mama jikoni nikamwambia kidonda kimeoza, apelekwe. Mama akaniuliza, "Umekiona wapi?" Nikasema nimekinusa. Akaniambia nisiseme hovyo juu ya mwili wa mkwe wangu. Nikaenda zizini nikamwambia Zawadi kwamba kidonda kinachonuka kinataka hospitali, si majani.

Ijumaa, 1 Agosti

Baba hajatoka nje. Mama anasema ni mafua ya baridi. Nimezunguka nyumba ile siku nzima, mara nafagia, mara nafagia tena. Mama ameniambia nitamaliza udongo wa watu.

Jumapili, 3 Agosti

Mama na Hellen walikwenda kanisani. Mimi nilibaki kwa kuwa sitaki kuulizwa habari za usaili. Nilikuwa namkatia Zawadi mgomba nikasikia kitu kinagonga ukuta wa chumba cha Baba. Kinagonga, kinanyamaza, kinagonga. Nikasogea karibu na dirisha nikageukia zizi.

"Zawadi," nikasema kwa sauti, "sijui kama Baba anataka maji."

Kimya.

"Zawadi, kama Baba ni mzima, akohoe."

Kikagonga tena. Ni kitanda, Baba alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinapiga ukuta. Nilikimbia hadi barabarani kutafuta mtu mzima yeyote aingie badala yangu. Jirani hayupo, duka limefungwa, wote wako kanisani. Nilirudi nikasimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Niliogopa. Simwogopi yeye, namwogopa mtu nitakayekuwa nikishaingia. Nikakumbuka sweta la kijivu na swali lake: damu hiyo nani anaiona?

Nikaingia.

Akakohoa. Mwili ukageuka kama siku ile, kitenge tayari kiko kichwani. Nikaushika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili. Akakohoa mara ya pili, kwa nguvu zote zilizombakia, kama mtu anayefukuza mbwa.

"Kohoa tu, Baba," nikasema. "Leo sitoki."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyowahi kumwambia yeye mwenyewe. Akageuzia uso ukutani. Nami sikumtazama uso, nilitazama mguu tu, nikajiambia mguu ni mguu. Nilinawa kwa sabuni, nikafungua kitambaa. Sitaandika nilichokiona kwa kirefu. Pembeni pamekuwa peusi, uvimbe umefika kwenye muundi, na mstari mwekundu unapanda kuelekea goti. Ngozi yake ilikuwa ya moto. Nilifunika kidonda kwa kitambaa safi, nikampigia Zuber wa bodaboda aje sasa hivi, aache abiria wake wote.

Baba hakuweza kujishikilia kwenye pikipiki. Zuber akaniangalia, anajua desturi za hapa ingawa kwao si desturi. "Dada, bila mtu wa kumshika nyuma ataanguka." Kwa hiyo tulikwenda mshikaki: Zuber mbele, Baba katikati, mimi nyuma nimemkumbatia kifuani kwa mikono miwili, shavu langu kwenye mgongo wake. Ni mwepesi. Sikuwahi kudhani ni mwepesi.

Na njia ya Tukuyu inapita mbele ya kanisa. Ibada ndiyo ilikuwa imetoka. Zuber akapiga honi, watu wakatupisha pande mbili, kwaya na sare zao, wazee, akina mama, wote wanatazama mkamwana amemkumbatia mkwewe. Nilimwona Mama na Biblia kifuani. Nilimwona Hellen. Baba akainamisha kichwa, na mwili wake ukatetemeka tofauti na mwanzo. Sijui kama ni homa. Aibu niliyoipata pale sijawahi kuipata maishani, lakini mikono sikuilegeza.

Hospitali wakampokea. Daktari alisema ingepita siku moja zaidi tungekuwa tunazungumza habari za kuukata.

Jumatatu, 4 Agosti

Mama amenikuta kwenye benchi nje ya wodi. Hakuketi. "Ungenifuata kanisani."

"Ningechelewa, Mama."

"Umemkumbatia mume wangu mbele ya waumini. Unajua wanasemaje? Anaona aibu kufumbua macho. Mguu umeuokoa, lakini heshima yake umeiacha barabarani." Akaingia wodini, mimi akanionyesha njia ya nyumbani kwa kidole.

Jumanne, 5 Agosti

Ackson ameniuliza kila kitu kwenye simu. Kisha: "Umefanya vizuri." Kisha: "Lakini Baba amesema nini?"

Baba hajasema kitu kwa mtu yeyote.

Ijumaa, 8 Agosti

Kisimani wananyamaza nikifika. Nachota, naondoka.

Jumapili, 10 Agosti

Baba amerudi nyumbani. Hatoki chumbani, kwa hiyo hakohoi. Zawadi naye hasemeshwi na amekuwa mkorofi, leo amepiga teke ndoo ya maziwa. Nimezoea vibaya, kumbe kikohozi kile kilikuwa ndiyo saa ya nyumba hii. Sasa sijui nikae wapi, nipite wapi, nifanye kazi kwa utaratibu gani. Nashika kitu naacha.

Jumanne, 12 Agosti

Mama ndiye anayembadilishia bandeji. Nasikia Baba anavyovuta pumzi kwa maumivu. Mama anaogopa kubandua, anabandua nusu, anaacha, anaanza upya. Nimeuma kitenge changu nisiseme kitu.

Jumatano, 13 Agosti

Nimefungua mlango asubuhi nikakuta beseni, bandeji na chupa ya dawa kizingitini. Mama amesimama pembeni ananitazama.

"Nenda," akasema. "Mikono yangu inatetemeka. Nenda kabla sijabadili mawazo."

Nikaingia. Baba akageukia ukuta. Hakukohoa. Nilinawa, nikalowanisha bandeji ikaachia yenyewe. Nyama ni nyekundu, safi, inajaza vizuri. Nilitaka kumwambia mtu kwamba inajaza vizuri na hapakuwa na ng'ombe, basi nikauambia mguu.

Ijumaa, 15 Agosti

Simu kutoka chuoni. Nafasi imepatikana, walio kwenye akiba waje Jumatatu. Nimemwambia Mama, akauliza, "Na bandeji?" Nikamfundisha Hellen. Ana mkono mzuri, ila anaongea mno.

Jumatatu, 18 Agosti

Chumba kile kile, blanketi lile lile. Mzee wa sweta la kijivu akapanda kitandani, akanitazama pembeni ya jicho, akakohoa mara mbili. Miguu ilitaka kuondoka, nisidanganye. Nikavuta kiti nikakisogeza mpaka magoti yangu yakagusa kitanda.

"Pole, Baba. Unakohoa tangu lini? Kuna damu?"

Akakohoa tena, na tena, kwa ukorofi tu, mpaka mama wa miwani akamwambia aache mchezo. Nilimshika mkono nikamhesabia mapigo. "Nani alikufundisha kukaa?" akaniuliza. Nikamsimulia pikipiki. Wote wawili hawakuandika kitu wakati nasimulia.

Alhamisi, 21 Agosti

NIMEPATA. Nithibitishe kabla ya Jumatatu. Nusrat alipiga kelele kwenye simu mpaka nikaiweka mbali na sikio. Mama amesema "Ndaga", yaani asante, akaingia jikoni, akatoka na macho mekundu, akasingizia moshi wakati moto ulikuwa haujawashwa.

Ackson amefurahi sana. Na bado, mwishoni: "Baba amesema nini?"

Namfunga mguu kila siku na hajasema. Nikithibitisha bila neno lake, Ackson hatakuwa na ujasiri wa kusimama nami, hilo nalijua, nimeolewa naye. Nikingoja neno lake nafasi inapita. Leo nimefagia uwanja mara tatu.

Jumamosi, 23 Agosti

Nilikuwa narudi kutoka kwenye chai, tenga mgongoni, ukungu haujapanda bado. Kwenye kona ya migomba nikasikia fimbo, kisha buti moja na kandambili moja. Ametoka nje. Nikasimama. Mkono ukashika kitenge, nikajiweka tayari kuingia kwenye majani, nikasubiri kikohozi.

Hakukohoa.

Fimbo ikazidi kusogea. Sikujua la kufanya, maana bila kikohozi sina ruhusa ya kukimbia wala ya kubaki. Buti na kandambili vikasimama mbele yangu. Niliitazama bandeji, niliyoifunga mimi asubuhi. Haijalegea.

"Ugonile, Lusungu."

Jina langu sikuwahi kulisikia kwa sauti hiyo. Nikainua macho. Ana mwanya mbele, kama wa Ackson. Mguu wake naujua, mgongo wake naujua, na kumbe siku zote hizo alikuwa na mwanya na sikujua.

"Nimeamka salama, Baba."

"Hellen amenisimulia usaili wako wa kwanza," akasema, na mwanya ukaonekana wote, mzee anacheka. Nilitamani ardhi ipasuke na pia nilitaka aendelee. Kisha akaacha kucheka. Akanitazama usoni, mimi nikamtazama usoni, na ng'ombe alikuwa mbali zizini.

"Huko chuoni," akasema, "mgonjwa akikohoa, usitoke nje."

"Sitatoka, Baba."

Akanipita akaenda kwenye chai yake polepole. Nilikaa chini pale njiani, na tenga mgongoni, nikampigia Ackson kumwambia kwamba Baba amesema.